Mia Moja Mkiani

Jana usiku binti yangu alikuwa na kazi ya nyumbani: panga namba kuanzia ndogo. Akaandika 100, 23, 9. Nikamuuliza vipi tena. "Si moja inakuja kwanza, halafu mbili, halafu tisa?" Nikacheka mpaka akanuna. Hajui kwamba baba yake alishapanga hivyohivyo, tena mbele ya wazazi wa watu.

Ni ile siku ya wazazi, nilipokuwa najitolea shuleni. Nilitengeneza ukurasa wa matokeo kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: alama za hisabati za darasa la sita zinaingia kwenye safu, naita sort() izipange, nageuza kwa reverse() ili kubwa itangulie, majina yanatoka na nafasi zake. Nilikuwa nimeujaribu kwa alama za muhula uliopita, zote za tarakimu mbili, ukapanga sawasawa. Alama zenyewe nikazificha. Nilijiona nimewasitiri watoto.

Mwalimu wa taaluma akaanza kusoma ukutani. Wa kwanza, makofi. Wa pili, makofi. Wa tatu akatajwa kijana wa dawati la nyuma kabisa, darasa zima likageuka. Hakuinuka upesi. Alitazama ukuta, akatazama mlango, kisha akachomekea shati, kwanza upande huu, halafu ule, bila haraka yoyote. Mama yake alikuwa amesimama dirishani na mtoto mgongoni. Kigelegele alichopiga kilimwamsha mtoto, akaangua kilio, na mama wala hakumbembeleza. Kijana akapita katikati ya madawati macho mbele. Madaftari ya zawadi akayapokea kwa mikono miwili.

Alikuwa amepata 9. Msichana aliyepata 100 alisomwa wa 41 kati ya 41, na ndiye aliyenyoosha mkono kuuliza.

Sababu niliipata usiku uleule. Ile sort(), usipoipa kanuni ya kulinganisha, huzichukua namba kama maandishi na kuzisoma kutoka kushoto, kama maneno ya kamusi. 9 ikakaa jirani na 91. 100, kwa kuwa inaanza na moja, ikaangukia mkiani. Dawa yake ni mstari mmoja, unaopanga kuanzia kubwa bila reverse(): sort((a, b) => b - a). Brendan Eich aliiunda JavaScript ya kwanza kwa siku kumi, mwaka 1995. Mimi ukurasa wangu niliukalia wiki tatu.

Msichana alipewa zawadi yake na kuombwa radhi. Madaftari ya kijana hayakurudishwa. Mwalimu alisema yameshaandikwa jina, basi.

Kesho yake kijana akanifuata uwanjani.

"Shikamoo, mwalimu. Ile kompyuta mmeshaitengeneza?"

"Marahaba. Tumeshaitengeneza, haitakosea tena."

"Ahaa," akasema, akabaki amesimama pale, shati limechomekewa.