Gia ya pili haichomoki tena

Jamani, pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, imerudi barabarani! Gia ya pili ilikuwa inachomoka kila nikivuta mafuta mlimani. Nilirekebisha klachi, nikabadilisha oili, wapi. Ila ile oili ya zamani ilitoka na chembe za chuma zinazong'aa, nikajua tatizo liko ndani.

Tukashusha injini, tukaipasua. Yale meno ya ubavuni yanayoshikana na gia jirani yalikuwa yamelika kona, laini kama kokoto ya mtoni. Uma unaosukuma gia nao umeungua, una rangi ya buluu upande mmoja. Kubadilisha uma peke yake ingekuwa kazi bure, tukaweka vyote vipya.

Jana nimepanda mlima uleule, mama kiti cha nyuma. Gia imeshika mpaka juu.