Mpira ukipotea, kazi ndiyo inaanza

Vijana wangu hapa Ujiji chenga wanazijua. Kinachowaangusha ni zile sekunde chache baada ya kupokonywa mpira: aliyepoteza anashika kiuno, winga anamlalamikia, wapinzani tayari wako langoni.

Kwa hiyo jioni napanga koni, uwanja wa mita 30 kwa 20, wanne kwa wanne, magoli madogo bila kipa. Mipira ya akiba nakaa nayo pembeni. Ukitoka mmoja, papo hapo narusha mwingine kwa timu iliyokuwa inakaba, wala sipulizi filimbi. Goli la ndani ya sekunde 6 tangu kunyang'anya linahesabiwa mawili. Hapo hakuna anayeshika kiuno! Aliye karibu anamvaa mwenye mpira, mwenzake anaziba pasi ya mbele. Ikishindikana, wote wanarudi nyuma ya mpira. Dakika 3, kisha mapumziko.

Wapo makocha wanaowazungusha watoto uwanja mzima wakikimbia tu. Mimi siafiki. Kwenye mechi kila mbio ina uamuzi ndani yake: nikabe au nirudi, nipige mbele au nitulize? Juzi beki wangu wa kushoto alinyang'anya, akainua kichwa kwanza, akatoa pasi moja ndefu, goli. Nilishangilia kuliko mfungaji.