Hapa inua mkono

Nilirudi Lamu kwa Maulidi nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na mkobani mlikuwa na karatasi ya mtihani ambayo sikuwa nimemwonesha mtu. Swali moja lilinikaa rohoni. Tuliulizwa kikoa cha funksheni (x² − 9) / (x² − x − 6), yaani namba zote ambazo x inaruhusiwa kuwa. Nilitoa vigawo: juu (x − 3)(x + 3), chini (x − 3)(x + 2). Nikakata (x − 3) juu na chini, ikabaki (x + 3) / (x + 2). Jibu langu: namba zote isipokuwa −2. Likatiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila neno la maelezo.

Ami alisomesha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu. Usiku ule tulikuwa barazani, mtaa wa Langoni, watu wakipita makundi kwa makundi kwenda msikiti wa Riyadha, matari yakisikika. Nikamtolea karatasi.

"Tia 3 kwenye ile ya mwanzo, mwanangu."

Juu, 9 toa 9, sifuri. Chini, 9 toa 3 toa 6, sifuri.

"Lakini nikishakata, ami, 3 inaleta 6/5."

"Ulipokata, uligawa kwa nini?"

Kwa x − 3. Na x ikiwa 3, nimegawa kwa sifuri.

Ningeridhika hapo, lakini yeye hakuridhika. "Kumi gawa kwa mbili ni tano, kwa kuwa tano mara mbili ni kumi. Haya, weka −2."

Juu −5, chini sifuri. Namba gani mara sifuri italeta −5? Hakuna.

"Na kwenye 3? Namba gani mara sifuri italeta sifuri?"

Zote. Nikanyamaza. Kumbe −2 imekataliwa kwa kukosa jibu, na 3 kwa kuwa na majibu chungu nzima! Sijapata kuelezwa jambo la hesabu likaniingia vile.

Akaokota kipande cha mkaa, akanipa nichore grafu pale pale kwenye chokaa ya baraza. Mkono ukashuka kutoka juu, ukiacha ule mstari wa wima wa −2 bila kuugusa, ukalala taratibu kuelekea kimo cha 1. Nilipokaribia 3 akanishika kiwiko.

"Hapa inua mkono."

Nikachora kiduara kidogo kwenye kimo cha 6/5, nikakiacha wazi, nikaendelea ng'ambo ya pili.