Korosho: uliza kwanza mkulima alilipwa lini

Mnunuzi wa korosho ghafi za Mtwara na Lindi anayejali uendelevu asianze na ramani za mashamba wala hesabu ya miche. Aulize mkulima alipima siku gani, na hela yake iliingia siku gani.

Tangu 2007 zao hili linauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), anapimiwa, anapewa stakabadhi, na magunia ya kilo 80 yanakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Baada ya mnada fedha zinapita chama kikuu cha ushirika na AMCOS ndipo zifike akaunti yake. Zikikwama popote njiani, anayekaa bila hela ni yeye. Hapo ndipo kangomba, ununuzi uliokatazwa, inapoingia: mwenye fedha taslimu ananunua korosho mapema kijijini, hata zikiwa bado mtini, kwa kipimo chake na kwa bei ya shida. Kumkamata mtu wa kangomba huku malipo yakiendelea kuchelewa hakusaidii. Ada ya shule haisubiri mnada.

Kuna pia unyaufu, yaani kupungua uzito, na huu unaumiza kimyakimya. Korosho zianikwe juani siku mbili hadi tatu juu ya turubai, zikigeuzwa, mpaka ukizitikisa zinalia kama kokoto. Zikipelekwa mbichi, uzito unapungua ghalani, na pengo hilo likigawanywa kwa wanachama wote, aliyekausha vizuri anamlipia mwenzake. Kipima unyevu kiwekwe pale pale kwenye mzani wa AMCOS. Zikizidi asilimia 10, zirudi kuanikwa.

Ubora nao upimwe mkulima akiona. Bambo, chuma cha kuchomolea sampuli, lichome gunia juu, katikati na chini, kwa sababu uchafu hufichwa chini. Chukua kilo moja, pasua zote, tenga zilizooza, menya nzuri na upime punje. Zenye madoa hesabu nusu ya uzito wake. Gramu ulizopata zidisha kwa 0.176: gramu 285 ni kama ratili (pauni) 50 za punje kwa gunia la kilo 80, na hiyo ni korosho nzuri.

Mwisho, kila mkulima apewe karatasi yake: kilo, daraja, bei ya mnada, kila kato na jina lake (ushuru, usafirishaji, magunia, ghala, chama), pamoja na tarehe ya kupima na tarehe ya kulipwa. Mnunuzi akitaka kukagua, aanzie kwenye tarehe hizo mbili.