Pankeki zisizoingia motoni: chakula cha kiangazi cha Lubumbashi

Wengi wanaofundisha kutengeneza pankeki zisizopikwa, zile za mimea mitupu, huanza na mashine ya umeme ya kukaushia vyakula, yenye trei nyingi na feni, ambayo huachwa iungurume usiku kucha. Hapa Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ushauri huo unamfaa mwenye jenereta na fedha za kuilisha. Sisi wengine, ambao umeme hutuacha jioni bila kuaga, tuna kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua huwa imekwisha, hewa hukauka mpaka midomo ikapasuka, na jua hukaa angani siku nzima bila wingu la kulisumbua. Ninashikilia kwamba pankeki hizi ni chakula cha msimu, na kwamba msimu wake kwetu ni huo. Anayezitengeneza Januari, mvua ikipiga bati tangu adhuhuri, anajitafutia taabu ya bure.

Tuelewane kwanza kuhusu chakula chenyewe. Ndani yake hamna unga wa ngano, mayai, maziwa wala siagi, na hata asali ya misitu ya Katanga, ambayo ninaiheshimu kuliko sukari yoyote, haimo, kwa sababu wanaokula mimea mitupu huihesabu kuwa mali ya nyuki. Moto nao haumo: mchanganyiko hauruhusiwi kupita joto la nyuzi 48 hivi, na wapo wenye msimamo mkali zaidi wanaoishia 42. Kinachobaki ni uji mzito wa ndizi mbivu na mbegu zilizosagwa, unaomwagwa katika miduara myembamba na kukaushwa taratibu mpaka ushikamane na uweze kukunjwa bila kukatika. Robo tatu ya ndizi mbivu ni maji, kwa hiyo ustadi wote umo katika kuyatoa maji hayo. Yakitoka upesi mno upande wa juu, ngozi hujifunga na ndani hubaki uji. Yakikawia, mchanganyiko huchachuka kabla haujakauka.

Kuhusu sababu ya kuukataa moto, nina mawazo yangu. Watetezi wa vyakula visivyopikwa husema kwamba moto huharibu vimeng'enya ambavyo mwili unavihitaji. Kwamba unaviharibu ni kweli, na mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa hilo, maana anayetengeneza munkoyo huupika kwanza uji wa mahindi, akausubiri upoe, ndipo akaupatia mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuugeuza uji mzito kuwa kinywaji chepesi chenye utamu wake. Ikitumbukizwa katika uji unaochemka, kazi hiyo haifanyiki. Lakini tazama inafanyika wapi: ndani ya chombo, saa nyingi kabla mtu hajanywa. Vimeng'enya ni protini, na vikifika tumboni hukutana na asidi, vikavunjwavunjwa kama protini nyingine, huku mwili ukitumia vile unavyojitengenezea wenyewe. Hata vitamini C, ambayo husifiwa sana katika mazungumzo haya, sehemu yake kubwa hupotea chakula kinapoanikwa juani. Mimi ninazitengeneza kwa sababu ni tamu, na kwa sababu hazili makala, yaani makaa. Kila mwenye mbabula, lile jiko la makala, nyumbani anajua gunia la makala linavyopanda bei, na kila anayetoka nje ya mji anaona jinsi msitu wa miombo, unaokatwa ili kuyachoma makala hayo, unavyozidi kurudi nyuma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mapishi ya kigeni hayaligusi, kwa kuwa yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye ghala tofauti na letu. Mtu wa hapa akiona mchanganyiko wake ni mwepesi, mkono wake utakwenda wenyewe kwenye unga wa muhogo, ambao wengi wetu huuchanganya na wa mahindi tunaposonga bukari, yaani ugali. Asiuguse. Muhogo una linamarini, kemikali ambayo hutoa sumu ya sianidi pale nyama ya muhogo inapovunjika, na ndiyo sababu mababu zetu waliuroweka siku tatu au zaidi, wakauanika, wakausaga, kisha bado wakaupika. Pale hatua hizo zinapofupishwa na watu wakala muhogo mchungu kwa wingi bila protini ya kutosha, huja konzo, ulemavu wa miguu unaotokea ghafla na usiopona, unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938 kutokana na aliyoyaona Kwango, kusini-magharibi mwa nchi, na hadi leo eneo hilo halijauaga. Unga unaouzwa sokoni huenda umetayarishwa vyema, lakini jicho halina namna ya kulithibitisha hilo.

Mtama uliochipua ni hatari ya aina hiyohiyo, ingawa watu huushangaa zaidi. Kuchipusha nafaka husifiwa sana katika ulaji huu, lakini machipukizi ya mtama yana durini, ambayo nayo hutoa sianidi. Kuyasaga na kuyala mabichi si jambo la kujaribu. Maharage mekundu mabichi pia yaachwe, hata yakiwa yamelala majini usiku mzima, kwa sababu sumu yake huondolewa na kuchemka kwa nguvu na si kwa kuroweka.

Isitoshe, unga wowote, hata ule usio na sumu, hausaidii kitu hapa. Wanga hauwi gundi mpaka upate maji na joto linalopita nyuzi 60 hivi. Chini ya hapo hubaki punje punje, na pankeki huwa na ladha ya chaki. Ndizi mbivu haina shida hiyo, kwa kuwa wanga wake mwingi umekwisha kugeuka sukari, na pektini yake, ile gundi ya asili ya matunda, inatosha kuushika mchanganyiko unapokauka. Ndizi za kupika, kwa sababu iyo hiyo, hazifai.

Ndizi ninazochagua ni zile zenye ngozi ya njano iliyoanza kupata madoa. Iliyokwisha kuwa nyeusi ina sukari nyingi, na sukari hung'ang'ania maji, hivyo pankeki hubaki ikinata hadi jioni. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, wauzaji hupunguza bei ya zilizoiva kupita kiasi, na kishawishi ni kikubwa, lakini hizo ni za kunywa kama juisi.

Karanga ndizo zinazoleta mafuta na uzito, na ndizo zinazohitaji jicho kali. Mapishi ya kigeni hutaka lozi au korosho. Lozi kwetu ni bidhaa ya matajiri, na korosho zinazouzwa kwa jina la mbichi huwa zimepitia mvuke au joto ili kuyaondoa mafuta makali ya ganda, kwa hiyo karanga iliyotoka shambani ni mbichi kwa ukweli kuliko korosho hizo. Tatizo lake ni sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu karanga zinapohifadhiwa zikiwa na unyevu, na ambayo huchangia saratani ya ini. Kuzikaanga hakuiondoi yote, kwa hiyo onyo hili linamhusu pia anayekula karanga za kukaanga kando ya barabara. Ninanunua zisizomenywa, ninazimenya nyumbani, kisha ninazichambua moja moja mezani: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye harufu ya stoo, hiyo inatupwa. Watoto wasipewe kazi hii, maana hula wakichambua.

Kipimo changu ni kilo moja ya ndizi pamoja na maganda yake, gramu 150 za karanga, vijiko vitatu vya ufuta au mbegu za kitani, maji ya ndimu moja, chumvi kidogo, na mdalasini ukiwapo. Karanga huroweshwa usiku kwa muda wa saa nane hivi, ili zilainike, ziache ngozi, na zipungukiwe na ile ladha ya maharage mabichi. Kisha huchujwa maji na kukaushwa kwa kitambaa. Mbegu za kitani zikisagwa na kupata unyevu hutoa ute unaosaidia kushikamanisha, lakini katika maduka ya katikati ya mji ni ghali, nami sioni kwamba zinastahili bei hiyo. Ufuta unatosha. Ndimu huifanya ndizi isigeuke kahawia upesi. Vyote husagwa katika blenda umeme ukiwapo. Usipokuwapo, karanga na ufuta hupondwa kwenye kinu mpaka mafuta yatokeze, kisha ndizi huingizwa na kupondwa nazo. Pankeki ya kinu huwa na chembechembe, na ninaipenda zaidi, lakini hiyo ni ladha yangu. Maji hayaongezwi kamwe, na yale ya kuoshea matunda na vyombo yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, kwani katika joto la nyuzi 45 vijidudu havifi bali huzaana, na mji huu unaijua kipindupindu. Aliye mkali wa kanuni hana la kulalamikia, kwa kuwa maji hayo huchemshwa peke yake.

Mchanganyiko humwagwa juu ya karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta kidogo, katika miduara ya upana wa kiganja na unene wa milimita tano, si zaidi. Zinapatikana kama ishirini. Jani la mgomba hupendeza machoni, ila hujikunja linapokauka na kuzipindisha pankeki, kwa hiyo silitumii.

Kuanika ndiko kunakohitaji akili zaidi. Watu wengi hutaka kuweka trei moja kwa moja juu ya bati la paa, wakisahau kwamba bati la saa saba mchana mwezi wa Septemba hupita nyuzi 60 kwa urahisi. Trei iinuliwe juu ya matofali ili hewa ipite chini yake, na kipimajoto kidogo kiwekwe kando ya pankeki zenyewe. Mwenye kioo cha dirisha la zamani anaweza kujitengenezea sanduku la mbao lenye matundu chini na juu: kioo huongeza joto, matundu huruhusu mvuke utoke, na kwa kuyaziba au kuyafungua mtu huongoza joto anavyotaka. Sanduku hilo lina faida kubwa zaidi, nayo ni kuzuia vumbi. Vumbi letu la kiangazi halitoki kwenye udongo mwekundu peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana, wakiwamo wasiofanya kazi migodini. Kuanika chakula chenye kunata kando ya barabara wanakopita malori ya madini ni kukusanya vumbi hilo kwa makusudi. Asiye na kioo atumie kitambaa chepesi cha pazia, kikafungwa pande zote. Chandarua kisitumike, hata kama kipo kipya kabatini, kwa sababu vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Trei zikitoka nje saa tatu asubuhi, upande wa juu huacha kunata baada ya saa tano au sita. Hapo hugeuzwa na karatasi kubanduliwa. Kabla ya jua kuzama ziwe zimekamatana, laini lakini hazilowi. Juni na Julai, siku zikiwa fupi na usiku wenye baridi kali, mara nyingine huhitaji kumaliziwa siku ya pili. Usiku huo ziingizwe ndani, zifunikwe, zikae mahali penye baridi. Agosti na Septemba siku moja hutosha.

Shangazi yangu, aliyelea familia nzima kwa kuuza mikate ya mafuta asubuhi, alionja moja akauliza, «Mwanangu, na moto utawasha saa ngapi?» Alikuwa na haki yake. Hii haina harufu ya unga uliokaangwa wala ukingo unaovunjika mdomoni, na anayeitarajia hiyo atasikitika. Ladha yake ni ya ndizi iliyokolea, na karanga nyuma yake. Hushibisha kuliko inavyoonekana, maana karibu nusu ya uzito wa karanga kavu ni mafuta. Kwa mlo wa asubuhi, mbili zinatosha. Aliyeamua kuacha kabisa nyama, maziwa na mayai akumbuke kwamba vitamini B12 haipatikani katika mimea, hivyo ataihitaji kutoka katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Zilizo laini zinaliwa siku hiyohiyo au ya pili yake. Mtu akitaka za kusafiri nazo, aziache juani siku moja zaidi mpaka ziwe kama ngozi. Zikifungwa vizuri hukaa wiki kadhaa. Juu yake ninapaka parachichi lililopondwa na ndimu, au vipande vya papai. Badala ya asali ninasaga tende zilizoroweshwa, ambazo hupatikana kwa urahisi zaidi mwezi wa Ramadhani. Masuku, matunda ya msituni, yanapoanza kuuzwa kando ya barabara, mwezi wa Oktoba, nyama yake huwekwa juu ya pankeki bila kuongezwa sukari yoyote, lakini wakati huo mawingu yamekwisha kurudi, kwa hiyo pankeki za kuliwa na masuku inabidi ziwe zimekaushwa na kufungwa tangu Septemba.