Mnara wa Nyigu

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, na bibi alikuwa amenituma nifagie ua nyuma ya nyumba yetu ya Shela, kisiwani Lamu. Nilianza na vifuu vya nazi. Vilikuwa vitano, vimelala kwenye mtanga, kama tunavyouita mchanga kwetu, nikavitia vyote ndani ya pakacha.

Katikati ya vifuu hivyo palikuwa na nyigu niliyemjua. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimwona akichimba kwa miguu ya mbele, mchanga ukiruka nyuma yake. Ni wale wanaoishi peke yao, kila jike na shimo lake. Akitaka kutoka hufukia mlango usionekane kabisa. Halafu haondoki mara moja: hugeuka, akautazama mlango, akarukaruka mbele yake huku na huku, kila mara akienda mbali zaidi, ndipo huenda zake. Nilidhani anacheza.

Siku hiyo alirudi amembeba nzi chini ya tumbo na hakupata pa kutua. Alishuka, akachimba kidogo, akaacha. Akapanda, akaanza upya upande mwingine. Babu alikuwa kivulini akitengeneza jarife lake, wavu wa kuvulia samaki. Akaweka kazi chini.

“Umetoa nini hapo, mwanangu?”

“Vifuu, babu.”

“Basi umemng’olea mnara wake.”

Babu alivua samaki tangu ujana wake, na mwamba aliouvulia ulikuwa chini ya maji, hauonekani. Aliupata kwa kulinganisha mnara mweupe wa msikiti wa Shela na kilele cha tuta la mchanga. Mnara ukikaa pale unapostahili kukaa, nanga inatupwa. Kwa hiyo yeye alielewa upesi kilichompata yule mdudu. Mimi, niliyezoea kuona punda wakirudi nyumbani bila mtu, sikuwahi kufikiri kwamba nyigu naye hushika njia kichwani.

“Virudishe,” akasema.

Nikavirudisha, lakini nilikuwa nimeshasahau mahali pake. Nikavipanga duara, na nyigu akaja moja kwa moja hadi katikati ya duara langu, akachimba, akachimba tena. Hapakuwa na shimo. Niliona uchungu sana, maana sasa nilikuwa nimempoteza mara mbili.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mholanzi Niko Tinbergen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alifanya jambo hilohilo makusudi. Alizungushia mlango wa nyigu mmoja anayewinda nyuki duara la koni za msonobari; alipolisogeza duara pembeni, nyigu alilifuata, akauacha mlango wake uliokuwa karibu tu. Nikasoma pia kuhusu Elizabeth Tibbetts wa Marekani. Mwaka 2002 alieleza habari za nyigu wa huko wanaojenga viota vya karatasi na kuishi pamoja. Alipobadilisha kwa rangi madoa ya uso wa mmoja wao, wenzake wa kiota kimoja walimfanyia ukali zaidi, kisha wakaizoea sura mpya na ukali ukapungua. Ubongo wao ni mdogo kuliko punje ya mchele, nao wanajuana kwa nyuso! Nilipoyasoma hayo nilitamani babu angalikuwa hai nimsomee.

Siku ile yeye alipiga magoti, akapapasa mchanga kwa kiganja. Chini ya kifuu hubaki unyevu, na alama mbili za mviringo zilikuwa bado hazijakauka. Tukaweka vifuu viwili hapo, na kutokana na hivyo tukakisia mahali pa vile vitatu. Kisha tukarudi nyuma, kimya.

Nyigu alikuja na nzi wake yuleyule. Akasita hewani juu ya vifuu, akashuka, akakwangua mara tatu nne, akazama ndani.

Bibi alipotoka kuuliza mbona ua haujafagiwa, babu alimwonyesha kwa kidole. Akatazama kidogo, akarudi ndani kuleta kigoda chake, akaketi nasi.