Noti zisizonyamaza kwenye kinanda cha roli: nilivyozitafuta

Kinanda hiki cha mabomba kilijengwa ndani ya nyumba ya kitajiri huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na hujipiga chenyewe kwa roli ya karatasi yenye matundu. Noti tatu zilikuwa zinalia bila kukoma, mbili zilikuwa bubu. Nilizipiga kwanza kwa vidole: zote tano zikalia na kunyamaza vizuri. Basi mabomba ni mazima, ubovu uko upande wa roli. Wengi huruka jaribio hili, wakafungua sanduku la mabomba bure.

Mtambo wenyewe ni wa kufyonza. Tundu la karatasi likikutana na tundu la upau wa shaba ambao karatasi hupita juu yake, hewa ya nje huingia, hupita kwenye kimpira chembamba na kuvimbisha kijifuko cha ngozi. Kijifuko huinua vali, na vali huwasha swichi ya noti. Karatasi ikiziba tena, hewa iliyonaswa chini ya kijifuko hutolewa na kitundu kidogo sana. Hicho ndicho mchawi.

Nilitoa roli, nikaziba upau wote kwa tepu ya karatasi, nikawasha feni ya kufyonza. Noti moja ikanyamaza. Kosa lake lilikuwa roli kupita upande, ukingo wa tundu ukabaki wazi. Mbili zikaendelea. Nikachomoa kimpira cha kila moja kwenye kijifuko na kuziba mdomo kwa kidole. Ya kwanza ikakata: kimpira kilikuwa kimepasuka kwenye kona, mahali ambapo jicho halifiki. Ya pili haikukata: kitundu kimezibwa na vumbi la karatasi. Nilikisafisha kwa unywele wa brashi ya nailoni. Waya hukipanua, na kikipanuka kinaiba hewa, kijifuko hakiinuki vizuri.

Kati ya zile bubu, moja ilikuwa na uchafu kwenye tundu la upau. Nilifyonza kwa pampu ya mkono. Usipulize kamwe: vumbi litashuka hadi kwenye kijifuko, na ngozi kuukuu inaweza kuchanika.

Nyingine ilihitaji kijifuko kipya, na hapa ndipo muda ulipokwenda. Ngozi iwe nyembamba na laini, ibonyee kama milimita 2 katikati. Ukiivuta ikakaza kama ngoma, vali haitainuka. Gundi ya ngozi niliipasha hadi nyuzi 60 hivi; ikichemka hupoteza nguvu. Paka ukingoni tu. Mwendo wa vali niliuacha milimita 0.8. Skrubu za kifuniko nilizikaza kidogokidogo kwa zamu, kisha tena baada ya siku tatu, maana ngozi ya kuzibia hudidimia.

Roli iliyochanika nilibandika karatasi nyembamba ya Japani kwa gundi ya wanga. Tepu ya plastiki huvuja gundi na kunasa mzunguko wa juu yake. Na kabla ya kulaumu mtambo, tazama aina ya roli: za Aeolian, kampuni ya Marekani ya vinanda vya roli, ziko za mashimo 116, yaani 58 kwa kila kibodi, ambazo mpigaji huvuta stopu (vishikio vya kuchagua safu za mabomba) mwenyewe kwa maelekezo yaliyochapwa kwenye karatasi, na za Duo-Art, mfumo wa kampuni hiyohiyo, zina 176 na huvuta stopu zenyewe.

Noti moja ya juu bado inachelewa ikirudiwa harakaharaka. Kitundu chake ndicho nitakachoanza nacho.